Mwalimu Anajibu: Mtaa Huu ni Ngome ya Nani?

Barua za mwezi huu nyingi ni za siasa, na kati ya hizo nyingi hazichapiki. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika anajua jambo ambalo wachambuzi wa televisheni hawalijui: nani hutoka nyumbani asubuhi ya kura, na nani hubaki kitandani.

Wanataka orodha ya wapangaji

*Salamu Mwalimu. Mimi ni keateka wa ploti moja hapa Umoja 2, Nairobi, ghorofa saba, bedsita juu mpaka chini. Siku hizi vijana wa waniaji wawili wa wadi wanakuja getini kuniuliza humu ndani kuna watu wa wapi na wa wapi. Mmoja ametaka nimwandikie orodha kamili: jina, nambari ya kitambulisho, simu na kabila. Amesema kuna ya chai. Anasema Umoja tayari ni ngome yao, wanataka tu kuhesabu watu wao. Mimi hapo ndipo sielewi. Wapangaji wangu nawajua. Mwaka 2022 niliamka saa kumi usiku kufungua geti nikidhani watatoka wote. Wengi walilala hadi saa nne, na wengine walikuwa wamefunga nyumba wakaenda ushago wiki nzima kabla. Sasa hiyo ngome ni ya nani? Na orodha niiandike?*
*Keateka, Umoja 2*

Ndugu yangu, orodha usiandike. Naanza na hilo kwa sababu huyo kijana atarudi, pengine kabla jarida hili halijakufikia.

Majina na nambari ulizo nazo kwenye daftari lako ni za wapangaji. Walikupa kwa ajili ya nyumba na kodi, basi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu umpe mtu mwingine kwa kazi nyingine bila wenyewe kukubali, na asili ya kabila la mtu imewekwa kwenye fungu la habari nyeti, pamoja na afya yake na imani yake. Ukiandika "nyumba namba kumi na mbili, Mkamba" umeshaingia humo. Tena unakumbuka Juni 2021, Wakenya walipochungulia kwenye mtandao wa serikali wakakuta wameandikishwa uanachama wa vyama ambavyo hata rangi zake hawazijui? Nambari zao za vitambulisho zilitoka mahali. Mji huu una madaftari mengi ya getini, kwa walinzi wa maofisi, kwa wakala wa pesa za simu, kila mahali unapoambiwa "andika hapa". Sitaki lako liwe mojawapo. Chai jinunulie.

Sasa hiyo ngome.

Anayekuambia Umoja ni ngome ametazama matokeo ya waliopiga kura, halafu akayapaka juu ya kila anayeishi hapo. Ni sawa na kudai unawajua abiria wote wa matatu kwa kuwaangalia waliokaa dirishani. Lakini hata hao wa dirishani, ukiwatazama vizuri, hawafanani.

Angalia majirani zako. Embakasi ilikuwa eneobunge moja, kubwa ajabu, hadi mipaka ilipochorwa upya kabla ya uchaguzi wa 2013 na maeneobunge ya Nairobi yakatoka 8 yakawa 17. Embakasi ikazaa tano. Mwaka 2022 Embakasi Mashariki ilichagua mbunge wa ODM, Kusini wa Wiper, Kati na Kaskazini wa UDA, na nyinyi wa Magharibi mkachagua wa Jubilee. Vyama vinne, na mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuzipitia Embakasi zote tano kwa siku moja. Kasarani nayo iliwavuruga kabisa wenye ramani za rangi: ilimchagua Ronald Karauri, mgombea huru asiye na chama chochote.

Kaunti nzima ndiyo vilevile. Mwaka 2013 Raila Odinga aliongoza Nairobi katika kura ya urais. Ugavana ukaenda kwa Evans Kidero wa ODM, lakini useneta wakampa Mike Sonko wa TNA. Mwaka 2017 Raila akaongoza tena mjini, na ugavana ukaenda kwa Sonko huyohuyo, sasa akiwa Jubilee. Mwaka 2022 Raila akaongoza mara ya tatu. Gavana akawa Johnson Sakaja wa UDA, seneta akawa Edwin Sifuna wa ODM. Kila kampeni wanasiasa hutuhubiria suti ya vipande sita, yaani kura zote sita kwa chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Nairobi huvaa koti la huyu na suruali ya yule, inarudi kazini.

Na jina lililoongoza mara zote hizo tatu halitakuwa kwenye karatasi tena. Raila alifariki Oktoba 2025. Miezi michache kabla ya hapo, Machi, ODM ilikuwa imetia saini mkataba wa ushirikiano na UDA ya Rais Ruto, naye Rigathi Gachagua, aliyechaguliwa pamoja na Ruto 2022, alikuwa ameshaondolewa kwenye unaibu rais na baadaye akaanzisha chama chake. Kwa hiyo kijana anayekuja getini na ramani ya 2022 ana ramani ya mji mwingine. Pengine yeye mwenyewe hajui. Pengine anajua, ila analipwa kwa siku.

Lakini barua yako ina jambo zito zaidi, nalo umelipita mbio: waliolala.

Mwaka 2013 waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 86 ya waliosajiliwa. Agosti 2017 wakawa kama 79. Mwaka 2022 wakateremka hadi karibu 65, na Nairobi ikawa chini zaidi, kama 56. Sajili ya kaunti hii siku hiyo ilikuwa na watu 2,415,310. Gavana alishinda kwa kura 699,392. Waliokuwa kwenye sajili na hawakufika kituoni ni zaidi ya milioni moja, yaani waliobaki nyumbani walimzidi mshindi kwa mbali. Hapo sijawagusa ambao hawakujisajili kabisa.

Usikubali mtu akuambie ni uvivu. Mimi baada ya kuacha chaki nimewahi kuwa karani wa kura katika shule moja ya msingi huku Eastlands, na foleni nimeiona kutoka nyuma ya meza. Kabla ya saa kumi na mbili, mlango haujafunguliwa, wazee na akina mama wa soko wameshajipanga, leso mabegani, kila mmoja anataka amalize akafungue biashara. Saa nne uwanja umejaa. Mchana kunapoa hadi makarani wanasinzia. Vijana huja saa kumi na nusu jioni, mmojammoja, simu mkononi, na ukiwauliza utasikia wengi wametumwa na mama zao. Saa kumi na moja vituo hufungwa, ingawa aliyekwisha kuingia kwenye foleni ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Hili wengi hawalijui. Wakiona saa zimeenda wanageuza.

Kulikuwa na mama mmoja wa kufua nguo. Mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura, ilikataa vidole vyake vyote, kimoja baada ya kingine, sabuni na jiki zilishamaliza alama. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Akaokota kitambulisho chake mezani akasema, "Basi, wacha niende." Hapana, tukamwambia, kaa. Tukamtafuta kwa nambari ya kitambulisho, akajaza Fomu 32A maajenti wakiona, akapewa karatasi zake sita kama mwenye vidole vya karani. Ni kazi ya dakika chache. Lakini wa mjengo na wa kufua wakijua mashine itawaaibisha mbele ya watu, wengi hawaji. Humo kwenye ploti yako wamo, na hakuna mwaniaji anayewauliza vidole vyao vikoje.

Wengine umewataja mwenyewe. Aliyefunga nyumba akaenda ushago hakutoroka kura. Mara nyingi amesajiliwa huko, kwa hiyo anaishi Umoja siku zote lakini katika hesabu ya kura ni mtu wa Siaya au Makueni. Wapo pia wanaowapeleka watoto nyumbani kila mwaka wa uchaguzi kwa sababu hawajasahau ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 na miezi iliyofuata. Mtu aliyeona nyumba za jirani zikiungua hawezi kuhubiriwa na bango. Halafu kuna wahamaji wa mjini. Mtu alijisajili akikaa Huruma, kodi ikapanda akahamia Kariobangi Kusini, akapata kazi akaja kwako. Kura yake iko Huruma bado. Siku ya kura ni sikukuu ya taifa, ndiyo, lakini kibarua, makanga na soja wa usiku hawalipwi sikukuu.

Na vijana? Waliosajiliwa wa miaka 18 hadi 34 mwaka 2022 walikuwa karibu asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Miaka miwili baadaye, Juni 25, 2024, vijana wa umri huohuo walijaza barabara za katikati ya jiji kupinga Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Mtu asiniambie hawapendi siasa. Hawakuona mtu wa kumpangia foleni, na mimi siwalaumu sana, ingawa nawalaumu kidogo.

Sasa utaona huyo mwaniaji wa wadi anatafuta nini kwako. Ngome hana. Nairobi ina wadi 85, na wadi ndicho kiti ambacho majengo machache ya ghorofa yanaweza kukitoa au kukinyima. Yeye anataka kujua nani ataamka, ili amwamshe wake na amwache wako alale. Na ndicho kiti kilicho karibu zaidi na geti lako: takataka zisizozolewa, maji machafu yanayofurika barabarani mvua ikinyesha, taa za barabara, zahanati. Hayo ni ya kaunti. Wapangaji wako wakija kukufokea wewe kuhusu mtaro, wanamfokea mtu asiye na bajeti.

Ukitaka kusaidia, pale unapobandika tangazo la maji na la kodi, bandika karatasi nyingine: uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027, usajili ni bure, ukihama nyumba, hamisha na kura. Usiweke jina la mtu wala rangi ya chama. Na siku hiyo fungua geti saa kumi kama ulivyofanya.

Kura yangu iko Vihiga, mimi niko Pipeline

*Mwalimu, nilijisajili nyumbani Vihiga mwaka 2017 nikiwa nimetoka shule. Sasa nafanya kazi ya duka Pipeline na sijapiga kura 2022 kwa sababu nauli ilipanda na bosi hakunipa ruhusa ya siku tatu. Nataka kuhamisha lakini mama amekataa. Anasema kura ya mtu hukaa anakozikwa. Nifanyeje?*
*Binti wa Pipeline*

Binti yangu, mama yako ana hoja, na usimjibu kwa haraka. Kwake kura ni njia ya kubaki mtu wa nyumbani. Anaona wenzake watoto wao wanarudi Agosti, wanajaza boma, yeye anabaki na simu. Mwambie utaenda Desemba, na ukisema hivyo uende.

Lakini ukweli ni kwamba utazikwa mara moja, na maji unayanunua kwa mtungi kila siku hapo Pipeline. Ghorofa zilizobanana hadi jua halifiki chini, ngazi ambazo moto ukizuka sijui mtashukaje, anayepaswa kuulizwa juu ya hayo yuko kaunti ya Nairobi, si Vihiga. Kama miaka mitano ijayo unajiona bado uko hapo, hamisha.

Utaratibu si mgumu. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneobunge unalohamia, kwako ni Embakasi Kusini, ukiwa na kitambulisho chako halisi, si picha yake kwenye simu. Sema unataka *kuhamisha*, usiseme kujisajili. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai, na kisingizio cha kusahau hakitakusaidia. Watachukua alama za vidole, utachagua kituo, hulipi hata shilingi. Mtu akikuomba ya fomu, ondoka na uulize mwingine. Sheria inataka ombi liwe limefika si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, maana yake mwisho ni kabla ya katikati ya Mei 2027. Mimi ningekwenda siku yako ya mapumziko ya karibuni. Foleni za dakika za mwisho nimeziona.

Na bosi: ukipigia kura hapo Pipeline hutamwomba siku tatu. Ni asubuhi moja tu.

Si hesabu hufanyiwa Bomas?

*Mwalimu, niambie ukweli. Nipange foleni ya nini ikiwa mshindi huamuliwa Bomas?*
*Kijana, Dandora*

Kura yako haihesabiwi Bomas, pale yalipojumlishwa matokeo ya urais ya nchi nzima. Inahesabiwa katika darasa lilelile ulilopigia, usiku uleule, karatasi ikiinuliwa juu maajenti waone. Ya rais huandikwa kwenye Fomu 34A, ya mwakilishi wadi kwenye 36A, na nakala hubandikwa mlangoni. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni hesabu ambayo hata wewe unaweza kuirudia ukiwa umesimama.

Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yaliyotangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho na kituo cha kitaifa hakiwezi kuyageuza. Septemba mosi mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Mwaka 2022 IEBC ikaweka Fomu 34A kwenye mtandao, kila mtu ajumlishe mwenyewe, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Sisemi hakuna mchezo. Nasema mchezo unahitaji mlango usio na mtu wa kuusoma. Mimi nimesaidia kubandika fomu hizo usiku wa manane, gundi mikononi, na waliokuja kuzisoma walikuwa soja wa shule na paka wake. Piga picha ya mlango wa kituo chako. Hapo tutakuwa na kitu cha kubishania.

Ukabila wa kura ulianza na sisi?

*Mwalimu mwenzangu, nimepita miaka themanini, naishi Maringo. Wajukuu wangu wanasema kupigia kura kabila ni ugonjwa tuliowaachia sisi wazee wa Nairobi. Nimekasirika. Nimekosa la kuwajibu.*
*Mzee wa Maringo*

Mzee wangu, shikamoo. Wape hili. Mwaka 1957 Tom Mboya aliingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Nairobi kwa kumshinda Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake. Mwaka 1961 akasimama Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Mboya alimshinda kwa kishindo, hata haikuwa mbio. Wafanyakazi wa mji huu walimjua kutoka vyama vya wafanyakazi, alikuwa amegombana na waajiri kwa niaba yao. Aliendelea kuwa mbunge wa hapa, katika eneo ambalo leo ni Kamukunji, hadi alipouawa Julai 5, 1969.

Baada ya hapo mambo yaliharibika, na hapo wajukuu wana haki ya kuuliza nani aliharibu. Usikasirike wakiuliza. Ila wasikuambie ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Barua ya dada wa Kayole ambaye mwenye nyumba anawalazimisha wapangaji kuvaa fulana za chama nimeipokea. Nitaijibu mwezi ujao nikishamwona wakili. Kwa sasa, dada, stakabadhi zako za kodi ziweke mahali salama.